Pesa ya Dhamana, Rushwa na Polisi: Swali Tuliloulizwa Mombo

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym.

Himdi zote ni Zake Allaah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.



Tulikuwa njiani kwenda Lushoto kwa shughuli ya madrasa, tukateremka Mombo kusali Adhuhuri. Hapo ndipo barabara ya mlimani inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Baada ya swala mzee mmoja akatushika mkono. Ni mtu wa Pemba aliyehamia huku miaka mingi, na kijana wake hununua viazi na karoti mlimani akaviuza kwa wafanyabiashara.

"Sheikh," akasema, "kijana wangu alikamatwa Alkhamisi jioni katika mji mmoja wa njiani. Walisema gari alilokodi lilibeba mali ya wizi. Akakaa ndani mpaka Jumatatu. Mahakamani hakupelekwa. Jumatatu nikaambiwa nitoe laki mbili za dhamana, nikatoa. Risiti sikupewa. Mtoto akatoka, na habari ya kesi sijaisikia tena. Sasa nimesikia darsani kuwa Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Je, na mimi ni katika hao?"

Mji huo na kituo hicho hatuvitaji, kwani upande wa pili hatukuusikia. Lakini swali lake ni la familia nyingi, za Bara na za visiwani, na tumeona tulijibu kwa urefu kidogo.

JIBU LA SHERIA YA ALLAAH

Hadithi aliyoisikia mzee ipo. Imepokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy kutoka kwa 'Abdullaah bin 'Amr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa). Rushwa ni katika madhambi makubwa, nayo ni kutoa mali ili upate kisichokuwa chako, au ili haki ya mwenzio ibatilishwe.

Ama mtu aliyezuiliwa haki yake, akatoa mali ili aipate au ili aiondoe dhulma, wanachuoni wengi wamesema dhambi iko juu ya mpokeaji na si juu ya mtoaji. Lakini wameweka masharti: haki iwe ni yake kweli, asimdhuru mtu mwingine kwa kutoa kwake, na isiwepo njia nyingine ya kuifikia haki hiyo.

Sharti hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Mzee wetu alitoa akiamini hakuna njia nyingine, na tunataraji kwa Allaah kuwa amesamehewa, kwa sababu hakuikusudia haramu. Hata hivyo njia nyingine ilikuwepo, ila hakuijua. Basi kwa mwenye kutaka kujikinga na rushwa, kuijua haki yake kituoni ni sehemu ya kuilinda dini yake.

SAA 24 ZA MWANZO

Tanzania Bara ina Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwa ufupi, mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua ni haya:

1. Anayekamatwa huelezwa sababu ya kukamatwa kwake. Si utovu wa adabu kuuliza, "Afande, ninakamatwa kwa kosa gani?"

2. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na halazimiki kutoa maelezo ya kujitia hatiani.

3. Aliyekamatwa bila ya hati ya kukamatwa, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, huachiwa kwa dhamana ya polisi. Yapo makosa mazito ambayo utaratibu wake ni mwengine, kama mauaji, uhaini, wizi wa kutumia silaha na ugaidi.

4. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ni ahadi ya mtuhumiwa na wadhamini wake kwamba atafika atakapoitwa. Mahakama inaweza kuweka sharti la fedha au mali, lakini hilo hutamkwa hadharani na hulipwa kwa risiti.

5. Kupigwa na kuteswa ni marufuku. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inasema hivyo, na inasema pia kuwa mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa.

Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mwenendo wa Jinai namba 7 ya 2018. Vifungu vinatofautiana, basi muulize wakili au msaidizi wa sheria.

Mzee alipoambiwa atoe laki mbili, angeweza kumuona mkuu wa kituo na kumuuliza kwa upole: mtoto ameshtakiwa kwa kosa gani, na kwa nini saa 24 zimepita? Akinyimwa jibu, yuko Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa. Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi zake zinafika Unguja na Pemba. Kwa rushwa, Bara wapo TAKUKURU na Zanzibar wapo ZAECA. Na iko Mahakama Kuu, inayoweza kuombwa iamuru aliyezuiliwa kinyume cha sheria aletwe mbele yake. Hatusemi njia hizi ni nyepesi. Tunasema zipo, na aliyeziacha kwa kuona uvivu hana udhuru wa yule asiyezijua.

HAYA SI MAGENI KATIKA UISLAMU

Baadhi ya ndugu hudhani haki hizi zimeletwa na wazungu. Al-Qaadhwiy Abu Yuusuf, mwanafunzi wa Imaam Abu Haniyfah, alimwandikia Khalifa Haaruun Ar-Rashiyd katika Kitaab Al-Kharaaj kuwa mtu asifungwe kwa sababu tu mwenzake amemtuhumu. Waletwe wote wawili. Mdai akiwa na ushahidi ahukumiwe kwao, na asipokuwa nao achukuliwe mdhamini wa mtuhumiwa, kisha aachiwe. Hiyo ndiyo dhamana tunayoizungumza, na imeandikwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Akanukuu pia maana ya maneno ya 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu 'anhu), kwamba aliyetiwa njaa, akatishwa au akafungwa huenda akakiri asilolitenda.

Kabla ya hayo, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ametuamrisha katika Suwrat An-Nisaa aya ya 58 turudishe amana kwa wenyewe na tuhukumu kwa uadilifu. Funguo za mahabusu ni amana.

KWA NINI MAGEUZI NI MAZITO

Mlima uliokuwa mbele yetu pale Mombo una mahali pake katika habari hii. Historia ya Jeshi la Polisi inaeleza kuwa lilianzishwa rasmi Tanganyika tarehe 25 Agosti 1919 chini ya Waingereza, na makao makuu yake ya mwanzo yalikuwa Lushoto, kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam 1930. Askari wa wakati ule hakuwekwa amtumikie Msambaa. Aliwekwa alinde utawala, kodi na amri ya mkoloni. Unguja na Pemba nazo zilikuwa na polisi wa utawala wa Kiingereza. Baada ya Muungano wa 1964 polisi ikawa ni jambo la Muungano, na sheria na desturi nyingi za jeshi lile tukazirithi.

Vyama vingi vikarudi 1992. Mtu aliyekuwa akitawaliwa akaambiwa sasa yeye ndiye mwenye nchi, lakini kituo cha polisi hakikubadilika kwa siku moja. Sisi wa visiwani hatuhitaji kusimuliwa Januari 2001, pale maandamano yalipomalizikia kwa risasi, wakauawa raia, na askari pia, na ndugu zetu wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wala hatujasahau masheikh wa Uamsho, waliokaa mahabusu Bara kwa mashtaka ya ugaidi tangu 2014 mpaka Juni 2021, mashtaka yalipoondolewa bila ya wao kutiwa hatiani. Hatuyataji haya kwa kuchochea. Tunayataja kwa sababu kijana wa mzee wetu alizuiliwa siku nne, na wengine walizuiliwa miaka, na mlango walioingilia ni mmoja: kumzuia mtu kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye.

Serikali yenyewe imeliona tatizo. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti. Katika mapendekezo yake ni kulisuka upya Jeshi la Polisi, liwe ni chombo cha huduma zaidi kuliko jeshi.

Jina jipya ni jema, lakini halitoshi. Afrika Kusini ilibadilisha jina la polisi wake kuwa huduma baada ya 1994, na bado tarehe 16 Agosti 2012 wachimba madini 34 walipigwa risasi Marikana wakafa. Kenya, baada ya machafuko ya 2007 na 2008, iliandika Katiba mpya ya 2010, nayo ikaliita jeshi lake huduma. Mwaka 2011 ikaunda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Faida imeonekana: wapo askari waliofikishwa mahakamani na kuhukumiwa, wakiwamo waliomuua wakili Willie Kimani mwaka 2016. Hata hivyo Juni 2024 vijana walipigwa risasi Nairobi. Tunalojifunza ni kuwa askari hubadilika pale anapojua yupo asiyekuwa mwenzake atakayemuuliza, na pale raia anapoijua haki yake na kuidai bila ya matusi.

NA SISI TUNADAIWA

Uadilifu hauko upande mmoja. Askari wengi ni watoto wetu, wanaotuamkia usiku tukiibiwa. Baba anayempa trafiki elfu tano ili asiandikiwe faini ya elfu thelathini aliyostahiki, huyo haondoi dhulma. Ameinunua batili, na hadithi ya laana inamhusu. Anayempiga mwizi mpaka afe, hata wakiwa mia, ameiua nafsi bila ya haki. Anayempeleka jirani yake polisi kwa ugomvi wa shamba ili akae ndani wiki, ndiye anayempa askari mbaya kazi ya kufanya. Na anayejua muuza madawa ya kulevya wa mtaani akanyamaza, asilalamike kuwa usalama hakuna. Polisi jamii na askari wa shehia hawafanyi kazi bila ya watu wakweli.

Tunawanasihi maimamu na walimu wa madrasa watenge darsa moja, wamwalike wakili au msaidizi wa sheria, wawafundishe vijana yale mambo matano. Na mlio askari mnaotusoma: saa 24 ni amana, na mtaulizwa.

Mzee tulimwambia asiondoke na khofu. Aombe istighfaar, asirudie, na awafundishe wanawe. Akatuuliza jambo moja tu: "Na laki mbili zangu?" Tukamwambia ni haki yake kuzidai, kwa barua, kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na kwa TAKUKURU, na kwamba barua hiyo haimtoi katika subira. Tuliporudi kutoka mlimani alikuwa amekwisha kuiandika, akatuomba tuisome tumsahihishie.

Tunamuomba Allaah Azipe nchi zetu amani yenye uadilifu, na Awaongoze wanaotulinda.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.