Video Ikinakiliwa Bure, Msanii Hulipwa Vipi? Kisa cha Wangechi Mutu

Kama kazi yako ni kupiga video za harusi Maua, Nkubu ama Runyenjes, shida unaijua. Ukishampa mteja fleshi, basi imeenda. Atamtumia dadake, dadake ataiweka kwenye grupu ya familia, na wewe bado unadai nusu ya pesa. Gunia la mahindi unaweza kulizuia dukani. Video ikitoka imetoka.

Sasa mwangalie Mkenya mwenzetu, Wangechi Mutu. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1972, akasoma Loreto Msongari, kisha akaenda shule Wales akiwa bado kijana mdogo. Alipata shahada Cooper Union, New York, mwaka wa 1996, na ya uzamili Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 2000, upande wa uchongaji. Jina alilipata kwanza kwa kolagi, zile picha za kuunganisha vipande vya majarida na rangi. Mwaka wa 2010 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Msanii wa Mwaka ya benki ya Deutsche Bank. Kwa hivyo video haikuwa kapu lake la pekee, na hapo nadhani alicheza vizuri.

Video ninayoipenda zaidi ni The End of Carrying All. Ilionyeshwa mwaka wa 2015 kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Ni kama dakika 10 hivi, kwenye skrini tatu zilizopangwa kando kwa kando. Mwanamke, ambaye ni Mutu mwenyewe, anatembea nyikani na kapu kichwani. Kila akisonga, mzigo unaongezeka: gurudumu, dishi la televisheni, hadi majumba. Hakuna anayemtua. Mgongo unapinda, hatua zinakuwa nzito, na mwishowe ardhi inammeza pamoja na mzigo wake. Hakuna maneno, lakini mama wa soko la Gakoromone ataielewa bila mkalimani, hata kama yeye hubeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso.

Pesa sasa. Katika soko la sanaa, video huuzwa kwa nakala chache zilizohesabiwa, tuseme tatu ama tano, basi. Kila nakala huja na cheti chenye sahihi ya msanii. Mtu anaweza kuiba faili akaitazama nyumbani kwake, lakini bila cheti hana kitu cha kuuza. Faili hunakiliwa, cheti ndicho mali. Njia nyingine ni kuagizwa kazi: The End of eating Everything ya 2013, ambayo mwanamuziki Santigold anaonekana ndani yake, iliagizwa na makumbusho ya Nasher ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani.

Wewe wa Embu huuzii makumbusho, sawa. Lakini kuna kitu kingine kinachonakiliwa kirahisi kuliko video, nacho ni meseji ya malipo. Mteja anakuonyesha simu yake, "Si unaona nimetuma?" Picha ya skrini inaweza kutengenezwa kwa dakika mbili. Hata meseji iliyoingia kwako inaweza kuwa imeandikwa na mtu kutoka namba ya kawaida. Cheti chako ni salio lako na stetimenti ya till yako, ukiifungua wewe mwenyewe kwa simu yako mwenyewe.

Chukua malipo ya kwanza kabla ya siku ya harusi, yapitie till, sio mkononi, ndio tarehe na kiasi vibaki kwenye rekodi. Kabla salio halijalipwa, mpe mteja kipande kifupi chenye jina lako katikati ya picha. Hata akikitumia grupu nzima, hiyo ni matangazo ya bure. Siku ya kuchukua kazi akilipa iliyobaki, fungua stetimenti mbele yake. Kama pesa haijaonekana, fleshi ikae mfukoni mwako, hata kama ni binamu.