Ada za Kaumu ya Debian Ilipokutana Mtandaoni

Kaumu ya Debian, iliyoanza Agosti 1993 pale Ian Murdock alipotangaza nia ya kuunda mfumo wa kompyuta utakaokuwa huru kwa kila mtu, haina mji wala kabila, na watu wake, waliotawanyika Ulaya, Uhindi, Brazil na kwengineko, aghalabu hujuana kwa kazi kabla ya kujuana kwa sura. Kwa sababu hiyo hiyo wamejiwekea, tangu walipokusanyika Bordeaux mwaka 2000, ada ya mkutano uitwao DebConf, ambao mwaka 2016 ulifika Cape Town. Na humo mna mihadhara, siku ya matembezi, picha ya jamaa wote, na usiku wa jibini na mvinyo, ambapo wageni huleta vyakula vya makwao.

Mwaka 2020 mkutano ulikusudiwa kuwa Haifa, lakini maradhi ya korona yalipofunga njia, wakaazimia kukutana kwa intaneti, tarehe 23 hadi 29 Agosti. Ratiba ikaandikwa kwa saa moja ya ulimwengu, kwani alasiri ya huyu ni usiku wa manane wa yule. Maswali yakaandikwa, yakasomwa na msimamizi. Na vyombo vya kurushia picha na sauti vikawa programu huria vilevile, maana anayehubiri uhuru hakai katika ukumbi ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mwingine. Wakahudhuria watu zaidi ya 850 kutoka nchi 80, na miongoni mwao, bila shaka, wamo ambao nauli na viza zingaliwazuia daima.

Hata hivyo, iko desturi isiyopita kwa wepesi katika waya, nayo ni ya kutiliana sahihi funguo. Kila mjenzi wa Debian ana ufunguo wake wa kidijitali wa kujitambulisha katika kazi yake, na mgeni hukutana ana kwa ana na mwenyeji, akatoa pasipoti, wakalinganisha tarakimu za ufunguo wake moja moja, ndipo mwenyeji akamshuhudia kwa sahihi yake. Nami naiona desturi hii kuwa ndiyo moyo wa kaumu, kwa kuwa programu inayoingia katika kompyuta za watu wasiohesabika haifai kukabidhiwa mikono isiyojulikana.

Mwaka 2021 wakakutana mtandaoni tena. Julai 2022, huko Prizren, Kosovo, wakaonana kwa macho.