Paroko Anapoaga: Anayoyaacha na Anayoondoka Nayo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yaliishia kwenye tangazo linalosomwa mwishoni mwa Misa, kabla ya baraka: Baba Askofu amefanya mabadiliko ya mapadre, na paroko anahamia parokia nyingine. Kanisa hunyamaza, kisha minong'ono huanza. Yupo anayeuliza Baba amekosa nini. Yupo anayeapa kwamba kuna watu waliopeleka maneno kwa Askofu. Wanakwaya nao, kabla hawajafika mlangoni, wameshaanza kujadili kitenge cha kushona kwa ajili ya Jumapili ya kumuaga.

Sehemu hii inaangalia kinachofuata baada ya minong'ono: sheria inasemaje kuhusu uhamisho huo, na paroko anayeondoka anawaachia waumini kitu gani hasa.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayopuuzwa zaidi. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983 hazimchukulii paroko kama mtumishi wa kuhamahama. Kanuni ya 522 inataka awe na utulivu katika parokia yake na ateuliwe kwa muda usio na kikomo. Kumpangia miaka maalumu kunawezekana pale tu baraza la maaskofu la nchi husika limeridhia hilo kwa waraka. Askofu akiona ni vyema kumhamisha paroko anayefanya kazi yake vizuri, anatakiwa kumweleza kwa maandishi na kumsihi akubali. Paroko akiwa na sababu za kukataa, naye anaziandika. Askofu huzipima pamoja na maparoko wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo, na akibaki na msimamo wake, ndipo anatoa hati ya uhamisho. Kwa padre mtawa mambo ni mepesi zaidi: askofu au mkuu wa shirika lake anaweza kumwondoa, ilimradi amjulishe mwenzake.

Kwa hiyo dhana kwamba kila anayehama amefukuzwa haina mashiko. Kumwondoa paroko kwa kosa na kumhamisha kwa manufaa ya Kanisa ni taratibu mbili, kila moja na kanuni zake. Tena kanuni ya 1752, ya mwisho kabisa katika mkusanyiko wote, inahusu uhamisho wa maparoko, na humo ndimo yalimowekwa maneno yanayoukumbusha uongozi wote wa Kanisa kwamba wokovu wa roho ndiyo sheria iliyo juu ya sheria nyingine zote.

Kati ya tangazo na siku ya kuaga kuna kazi ambayo muumini wa kawaida haioni. Vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vinatakiwa kuwa vimejazwa. Hesabu za fedha hupitiwa pamoja na kamati ya fedha, ambayo kwa kanuni ya 537 kila parokia lazima iwe nayo. Orodha ya mali huandikwa: kalisi, majoho, pikipiki ya parokia, mashamba, hati za viwanja vya vigango.

Hapa ndipo ugomvi wa chinichini huzaliwa. Je, jenereta alilopewa Baba na mfadhili ni lake au ni la parokia? Kanuni ya 1267 ina jibu: kinachotolewa kwa msimamizi wa mali za Kanisa huhesabiwa kuwa ni cha Kanisa, isipokuwa ijulikane wazi kwamba aliyetoa alikusudia vingine. Mbuzi anayeletwa na kigango siku ya kuaga, huku akina mama wakipiga vigelegele na kumtaja Baba kwa jina, hana utata. Jenereta lina utata, na ndiyo maana paroko mwerevu huliandika mapema.

Siku yenyewe ina mpangilio unaofahamika. Misa ya shukrani, risala ya Halmashauri Walei, kisha vyama kimoja baada ya kingine: WAWATA, ambao umoja wao wa akina mama ulianza mwaka 1972, halafu UWAKA wa wanaume, VIWAWA wa vijana, watoto wa Utoto Mtakatifu na mashairi yao. Risala hutaja nyumba ya mapadre iliyokamilika, vigango vilivyoezekwa, idadi ya waliopata kipaimara. Kisha paroko anasimama, na hapo ndipo uzito wa siku ulipo, kwa kuwa atakayoyasema yataamua kama parokia inabaki na mazoea ya kumtegemea mtu au inabaki na kazi ya kuendeleza.

Mfano wa kale wa hotuba ya namna hii umo katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo yuko Mileto, ana haraka ya kwenda Yerusalemu, anawaita wazee wa Kanisa la Efeso, mji alioufanyia kazi miaka mitatu. Anawakumbusha alivyoishi kati yao. Anawaambia kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomlisha. Anawaonya juu ya mbwamwitu watakaoingia akishaondoka, tena wengine wakitokea miongoni mwao. Hawaachii mrithi mmoja wa kumtazama. Kundi analikabidhi kwa wazee wote kwa pamoja. Kisha wanapiga magoti, wanalia, wanamsindikiza hadi merikebuni.

Si kila paroko aliyetaka kuondoka ameweza. Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alifika kijiji cha Ars nchini Ufaransa mwaka 1818 na zaidi ya mara moja alijaribu kukimbia akaishi maisha ya upweke na sala. Mwaka 1853 alitoroka usiku. Kengele zikapigwa, wanakijiji wakamzuia njiani. Alikufa akiwa paroko wao mwaka 1859. Ni kisa cha kupendeza, lakini kinaacha swali bila jibu: Ars ingekuwaje kama angefanikiwa kuondoka?

Swali hilo lilijibiwa kando ya ziwa letu, Viktoria. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Buganda Februari 1879 pamoja na Bruda Amans, na wenzao wa shirika la Wamisionari wa Afrika wakawafuata. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Machi 1880. Novemba 1882, hali katika ikulu ya Kabaka Mutesa ilipokuwa ya mashaka, wamisionari wote walifunga mizigo, wakavuka ziwa kuelekea kusini, na wakajikita Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hakubaki padre hata mmoja. Waliobaki ni Wakristo wachanga waliobatizwa juzijuzi, na kundi la wanaofundishwa.

Karibu miaka mitatu ikapita bila Misa. Ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana watumishi wa Kabaka na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliigeuza nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Huko Mityana, Matia Mulumba na Luka Banabakintu walikuwa nguzo ya kundi lao. Lourdel na wenzake waliporejea Julai 1885, baada ya Mwanga kurithi kiti, walikuta wanaotaka ubatizo ni wengi kuliko waliowaacha. Miezi minne baadaye Mukasa aliuawa kwa kumkemea Kabaka juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana. Kaggwa na Mulumba waliuawa Mei 1886.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walipoamua katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walikuwa wanarasimisha jambo ambalo eneo hili lilikuwa limeshalionja. Jumuiya husali nyumbani kwa mtu, husoma Injili ya Jumapili inayokuja, huchanga kwa ajili ya mgonjwa, na mara nyingi padre hayupo. Ndiyo maana maparoko wengi wanaoaga, wakishamaliza shukrani na kuomba radhi, hutumia dakika zao za mwisho kuzungumzia jumuiya: msizihame, msizigeuze kamati za michango tu, mpokeeni mwenzangu bila kumpima kwa kipimo changu.

Jioni gari linaondoka na mbuzi wawili nyuma, vitabu kwenye maboksi na picha ya pamoja iliyotiwa fremu. Funguo za tabenakulo na za ofisi ziko kwa paroko msaidizi, ambaye kwa kanuni ya 541 anashika usukani hadi askofu ateue msimamizi wa parokia. Siku ya jumuiya ikifika, mwenyekiti atapitisha daftari la mahudhurio kama kawaida.

Wiki ijayo: paroko mpya anapofika, na kwa nini mwaka wake wa kwanza huwa mgumu.