Maradhi ya Unga katika Mwambao Wetu: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza njia ipitayo heroini, tangu mashamba ya afyuni ya Afghanistan hadi pwani ya Makran, ikapakiwa majahazini na kuvushwa Bahari ya Hindi hata ikafika Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambako vijana wetu waliianza kwa kuvuta moshi wake, na baadaye, ulipoingia unga mweupe uyeyukao majini, wakaanza kujidunga mishipani. Na sindano moja ikizunguka kwa watu watatu, UKIMWI na homa ya ini huzunguka nayo.

Leo nataka kubainisha jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ni kwamba teja haufuati unga kwa ajili ya starehe. Starehe ile ilikwisha kumtoka zamani; anachokikimbia ni arosto. Saa chache tu baada ya kete ya mwisho, yaani kipakiti cha unga, kamasi na machozi humtiririka, mifupa humuuma, tumbo humsokota, huharisha na kutapika, jasho humtoka na huku anatetemeka kwa baridi, wala usingizi haumjii. Na adhabu hiyo huzidi hata siku ya pili au ya tatu ndipo ianze kupungua. Mwenye kuiba sufuria ya mamaye alfajiri, akaiuza kwa bei ya kete moja, anaijua fedheha yake vizuri kuliko sisi tunaomlaani.

Hapo ndipo baba mwenye uchungu humfungia mwanawe chumbani majuma mawili, akadhani amemtibu. Maumivu hukoma kweli, lakini uchu haukomi, na la hatari zaidi ni kuwa mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu wake. Basi mlango ukifunguliwa, kijana akarudia kipimo kile kile alichokizoea, pumzi humpungua hata zikakatika. Ndivyo wanavyofariki pia wengi watokao magerezani, katika majuma ya mwanzo ya uhuru wao. Naomba kila mzazi asomaye haya ayazingatie kabla hajatia kufuli.

Iko tiba iliyothibiti, nayo ni methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Kenya ikafuata, na vituo vikafunguliwa hata Malindi na Mombasa. Mgonjwa hufika dirishani kila siku, akapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, akainywa mbele ya muuguzi, kisha akatakiwa kusema neno ili ijulikane kuwa ameimeza. Wako wanaonung'unika kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao hata kidogo: unga humpandisha mtu na kumwangusha mara kadhaa kwa siku, ilhali methadoni huingia polepole na kudumu mwilini muda wa siku nzima, arosto isimpate, naye akaweza kwenda kazini, kula na kulala kama watu.

Lakini tiba hii huchukua miaka, si majuma, na kituo aghalabu kiko mbali na nyumbani. Dawa yenyewe hutolewa bure. Nauli ya kila siku ndiyo inayowashinda wengi, wakakosa siku mbili, arosto ikawarudisha kwenye maskani ya unga. Nawasihi wajomba, mashangazi na kaka wenye kipato waichangie nauli hiyo, na apatikane mmoja wa kumsindikiza mgonjwa kila asubuhi.