Wakala wa Pili

Mama aliyeuza dhahabu ya mahari yake akawekeza ng'ambo, kisha simu zake zisijibiwe tena, aghalabu humficha hata mumewe kwa haya. Haya hiyo ndiyo tegemeo la mlaghai wa pili, ajaye akidai ada kwanza ndipo amrejeshee fedha zake. Asipewe hata senti moja!

Marejesho ya kweli huchelewa. Bernard Madoff alikamatwa Marekani Desemba 2008; mfuko wa serikali uliowafidia zaidi ya watu 40,000 katika nchi 127 ulitoa malipo ya mwisho Desemba 2024. Kila mdai alitakiwa kuleta ushahidi. Basi, dada zetu, risiti na jumbe zisifutwe. Benki na polisi waarifiwe siku hiyo hiyo.