Rubani wa Droni Hupimwa na Nani?

Nchini Marekani, atakaye kurusha droni kwa kazi ya malipo sharti awe ametimiza miaka 16 na afaulu mtihani wa maswali 60 kwa asilimia 70. Hapelekwi kwa daktari. Kanuni za anga, sehemu ya 107, humwachia mwenyewe wajibu wa kutorusha ajuapo kuwa mwili au akili yake haiko sawa. Pombe imewekewa mpaka wa saa 8. Dawa ya mafua iletayo usingizi haikutajiwa saa, nayo ndiyo yenye hila: aliyeimeza hujiona mzima, kumbe macho yake yanachelewa kuifuata droni. Tabibu aiandikapo, na amwulize mgonjwa kazi yake.