Ua la uani na seli iliyogoma kufa

Maswali yamerundikana tena, na karibu yote ni yale yale: mstafeli unatibu saratani ya mapafu? Manjano je? Msomaji mmoja amenitumia ule ujumbe unaozunguka WhatsApp miaka nenda rudi, kwamba mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko dawa ya hospitali. Hesabu hiyo ilitoka kwenye seli za saratani ya utumbo zilizooteshwa katika sahani ya maabara. Hakuna mgonjwa aliyehusika. Katika sahani, hata chumvi ikizidi huua seli.

Lakini mimea inaua saratani, hilo halina ubishi. Tazama vinka, ua la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota uani bila kubembelezwa. Asili yake Madagaska. Miaka ya 1950 daktari wa Jamaika alipeleka majani yake Kanada, kwa kuwa watu wa Jamaika waliyanywa kama chai ya kisukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer wakawanywesha panya, sukari haikushuka. Walipowadunga sindano, panya wakafa kwa maambukizi, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeporomoka. Wengi wangeyatupa majani yale. Wao wakatambua kwamba kinachofagia chembe hizo kinaweza kufagia saratani, na mwaka 1958 wakaitangaza vinblastini. Ndugu yake, vinorelbini, ilitengenezwa Ufaransa kutokana na mmea huo huo na ikaidhinishwa huko mwaka 1989 kwa saratani ya mapafu.

Namna inavyoua ndiyo inayonikosesha usingizi. Seli ikitaka kugawanyika hufuma nyuzi za protini iitwayo tubulini, nazo huvuta kromosomu upande huu na ule. Vinorelbini hung'ang'ania tubulini, nyuzi zisifumike. Seli inakwama katikati ya mgawanyiko, haiwezi kwenda mbele wala kurudi. Ikikwama muda mrefu, protini zinazoizuia kufa huisha nguvu, na ngozi ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, inatoboka. Hapo inavuja sitokromu c, molekuli ile ile iliyokuwa ikisaidia kuipa seli nishati! Nje ya mitokondria inageuka hati ya kifo: inaungana na protini nyingine kuunda gurudumu la mikono saba, gurudumu linaamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo vinaikatakata seli kutoka ndani. Seli haipasuki na kumwaga uchafu. Inasinyaa, inagawanyika vifuko, majirani wanaila. Wanasayansi walioipa kazi hii jina mwaka 1972, apoptosisi, waliazima neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Seli ya saratani ni jani lililogoma kupukutika.

Sasa anakuja muuza chupa na kusema: si umeona, chemsha majani unywe. Kupata gramu 1 ya vinblastini kulihitaji takriban kilo 500 za majani makavu. Sufuria yako ina kilo ngapi? Tena kiasi cha sumu hutofautiana mmea hadi mmea, na sumu hii inapunguza chembe za kinga hata kwa dozi iliyopimwa hospitalini. Manjano nayo huua seli sahanini, lakini ukiyala, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Mstafeli una anonasini, inayodhuru seli za neva. Huko Guadeloupe wanaoutumia sana wamehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Anayemwambia mgonjwa aache dripu ya dawa za saratani akanywe majani anamnyang'anya miezi ambayo hatairudisha.

Kikohozi kikizidi wiki tatu, au ukitema damu, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Ukipimwa kifua kikuu kikakosekana, usirudi nyumbani kukaa kimya: omba picha ya kifua. Acha sigara. Na kama tayari unakunywa mizizi au majani, mtajie daktari jina la kila kimoja kabla ya dripu ya kwanza.